Adui Ana Jina Gani? Historia ya Kesha Kajiado na Kitengela

Kucha, kesha na kesho ni maneno ya ukoo mmoja. Anayekesha anaungoja usiku uche, na anayeungoja usiku uche amekwisha kukiri kwamba gizani kuna kitu cha kuchungwa. Kwa hiyo Mkristo wa Kitengela, mji wa kaunti ya Kajiado nchini Kenya, anayeondoka nyumbani Ijumaa saa tatu usiku, Biblia kwapani na blanketi la mtoto begani, haanzishi jambo jipya katika nchi ile. Nyanda za Kaputiei, ulipo mji huo, zilijua kukesha kabla hazijaona kanisa. Kilichobadilika kwa muda wa miaka mia na thelathini hivi ni jina la adui: mara laana, mara kiapo, mara shetani, mara jirani, mara watu wenye magari yasiyo na namba. Na katika kubadilika huko ndimo historia yenyewe ilimo, kwa sababu jamii huomba kulingana na inavyomwelewa anayeivamia.

Hoja ninayoitetea hapa ni rahisi kuitamka, ila si kila mtu ataikubali. Maandiko yanasimulia kwamba Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, maadui wakamzunguka, alimwomba Mungu na hapo hapo akaweka walinzi usiku na mchana. Hakuona kwamba zamu ya ulinzi inapunguza imani, wala kwamba sala inamwondolea mtu zamu. Nikiipitia historia ya Kajiado naona kesha likiwa na nguvu kila mara lilipoziweka sala na zamu pamoja, yaani lilipomtaja adui ambaye mwenzako naye angeweza kumwona na kumpima. Lilipozitenganisha, likamtafuta adui ambaye hakuna awezaye kumthibitisha wala kumkanusha, lilipotea njia, na mara nyingine liliua.

Enkai na miiba ya boma: kabla ya 1904

Kwa Kimaasai, Enkai ni Mungu, na neno hilo hilo ni mbingu na ni mvua. Kuna Enkai Narok, mweusi kama wingu lililobeba maji, mwenye huruma. Kuna Enkai Nanyokie, mwekundu, wa hasira na ukame. Sala ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume: alfajiri, wakati wa kukama, mama alirusha matone ya maziwa juu akiwaombea watoto na mifugo. Usiku ulikuwa na kazi nyingine. Boma lilizungushiwa miiba, lango likafungwa kwa matawi, na masikio ya watu wazima hayakulala kabisa, kwa kuwa simba na fisi walijua saa za usingizi. Wazee walibariki, laiboni alitabiri na kutoa kinga, morani walilinda. Sala na zamu zilikaa katika uzio mmoja.

Yaliyofuata yaliujaribu mpango huo kuliko jambo lolote lililowahi kukumbukwa. Katika miaka ya 1880 ng'ombe waliuawa na homa ya mapafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, kisha ndui kwa watu, njaa, na vita vya Wamaasai kwa Wamaasai. Laiboni mkuu Mbatiany alifariki karibu na mwaka 1890, na wanawe Olonana na Sendeyo wakaugombea urithi wake. Wamaasai wanauita wakati ule Emutai, maangamizi. Wengi waliuelewa msiba kupitia ugomvi wa ndugu hao wawili na laana zilizorushwa kati yao. Leo tunajua kwamba sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka pwani ya Bahari ya Shamu, na mara nyingi huhusishwa na ng'ombe walioletwa na jeshi la Waitalia mwishoni mwa miaka ya 1880. Adui alishuka kutoka melini, akatembea kusini kwa miguu minne, na hakuwa na jina katika sala ya mtu yeyote.

Si haki kuwacheka watu wale. Hakuna aliyeweza kuijua safari ya virusi. Wala maombi yao hayakuwa bure, kwa sababu taratibu za baraka na ukoo ndizo zilizowawezesha walionusurika kugawana mifugo iliyobaki na kuanza upya. Lakini pale ambapo adui hakujulikana, lawama iliwaangukia walio karibu, nayo lawama hiyo ikaongeza vita juu ya njaa. Mkondo huo utarudi tena na tena katika simulizi hili.

Kuna watakaopinga mapema kwamba siwezi kuiweka sala ya Enkai na sala ya Kikristo katika mstari mmoja, moja ikiwa ya Injili na nyingine sivyo. Kwa mwanatheolojia tofauti ni kubwa, na siifuti. Ila waumini wa kwanza wa Kajiado hawakuwa karatasi tupu. Biblia ya Kimaasai inamwita Mungu kwa jina lile lile, Enkai, na aliyebatizwa alileta kanisani mazoea ya kuamka alfajiri na kunyoosha mikono juu. Historia ya maombi inaanzia kwa waombaji, nao walikuwepo.

Mkataba, mahakama na reli: 1904 hadi 1915

Mwaka 1904 Waingereza walitia saini mkataba na Olonana na wazee wengine. Wamaasai wakaondoka katika Bonde la Ufa, wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini ya reli, kwa ahadi kwamba yangekuwa yao maadamu wapo duniani. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka 10. Mkataba wa pili wa 1911 uliwataka wa Laikipia wahamie kusini. Kundi lililoongozwa na Legalishu lilipinga, na shauri lililojulikana kwa jina la Ole Njogo likafika mahakamani mwaka 1913. Mahakama ilijibu kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya taifa kwa taifa, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Kwa lugha ya barazani: mlichukuliwa kuwa nchi huru siku ile tu mlipotaka haki.

Ninasimama hapa kidogo kwa sababu tukio hili husahaulika watu wanapoandika historia ya dini. Ukristo ulifika Umaasaini katika miaka hiyo hiyo. John Stauffacher wa Africa Inland Mission alikuwa miongoni mwa wamisionari walioufikisha, na Molonket ole Sempele, mmoja wa Wamaasai wa kwanza kuamini, alisafiri hadi Marekani mwaka 1909 kwenda kusoma. Hata hivyo kwa miongo mingi waongofu walikuwa wachache. Wamisionari wengi waliueleza ugumu huo kwa kiburi cha morani na kushikilia mila. Maelezo hayo yameacha nje jambo zito: mtu aliyetoka kunyang'anywa malisho kwa karatasi yenye saini hakosi sababu ya kumtilia shaka mgeni mwingine mwenye kitabu. Mwizi wa nchi alikuwa na jina, anwani na muhuri, nayo mahubiri ya wakati ule hayakumtaja kwa sauti.

Wakati huo huo reli ya kutoka Konza kwenda Magadi ilipita Kajiado kufuata magadi ya ziwani, ikakamilika 1915. Kituo kikazaa mji. Wakaja wenye maduka, makarani, mapolisi, walimu, na pamoja nao Kiswahili. Lugha hii ndiyo iliyobeba Injili kutoka stesheni hadi stesheni, na kama tutakavyoona, ilibeba kitu kingine pia.

Uamsho, kiapo na ukame: 1929 hadi 1961

Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Kampala, wakaomba na kusoma Maandiko pamoja. Kutoka katika urafiki huo na kituo cha Gahini, Rwanda, ukatoka Uamsho wa Afrika Mashariki. Kufikia 1937 ulikuwa umeingia Kabete, na kutoka Kabete hadi Ngong ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Ndugu wa Uamsho, kama walivyojiita, waligeuza kabisa swali la adui. Hawakumtafuta kwa mchawi wala kwa jirani. Adui wa kwanza alikuwa dhambi yangu mimi, na dawa yake ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha ulichoiba. Anayemshuku mke wa nduguye kwa uchawi alipaswa kwanza kueleza mbele ya ushirika kwa nini amemchukia.

Nguvu ya mafundisho hayo ilijulikana Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya. Miongoni mwa Wakikuyu, pamoja na wale waliokuwa wamehamia pembeni mwa Umaasai, kiapo cha Mau Mau, waasi dhidi ya serikali ya kikoloni, kilimfikia kila mtu mlangoni. Wengi wa Ndugu walikataa wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa. Serikali iliwafurahia, lakini furaha hiyo haikudumu, maana walio wengi miongoni mwao walikataa pia kubeba bunduki za Home Guard, mgambo wa serikali. Kukesha kwao kulikuwa na maana ya kawaida kabisa: walilala wakiwa wamevaa nguo, wakijua kwamba kundi lolote kati ya mawili linaweza kubisha hodi.

Wako wanaosema kwamba Ndugu walikesha wakiutazama moyo huku nchi ikiibwa. Lawama hii ina ukweli, na wanahistoria wa Uamsho hawajaikwepa. Watu waliokuwa tayari kuungama wizi wa shilingi moja hawakuwa tayari kila mara kuutaja wizi wa ekari elfu. Bado nadhani lawama hiyo inasahau upande mmoja. Katika miaka ambayo jirani alimtoa jirani kwa askari au kwa wapiganaji wa msituni, ushirika uliomtaka kila mtu aanze na dhambi yake ulipunguza idadi ya wanaosingiziwa. Hilo nalo ni ulinzi.

Hali ya hatari iliondolewa 1960. Mwaka huo na uliofuata Kajiado ilipigwa na ukame mkali, na kabla mizoga haijakauka, mwishoni mwa 1961, mafuriko yakaja. Msaada wa chakula uliwafikia watu wengi wa malisho kwa mara ya kwanza kwa kiwango kile, na makanisa yalikuwa kati ya wagawaji. Kwa Wamaasai wengi, lango la kwanza la kanisa lilikuwa gunia la mahindi, na sioni aibu katika hilo. Kiti cha Kanisa Katoliki cha Ngong kilianzishwa 1959 kikawa dayosisi 1976. Africa Inland Church (AIC) ilifungua shule ya bweni ya wasichana mjini Kajiado mwaka 1959. Wapresbiteri wa PCEA na Waanglikana wakaongeza vituo.

Neno lililovuka mpaka, na lango la shule

Nilisema Kiswahili kilibeba kitu kingine. Mafundisho ya zamani ya Wamaasai hayakuwa na shetani, yaani roho mmoja mwovu anayempinga Mungu. Kulikuwa na laana, jicho baya na uchawi wa mtu kwa mtu. Kuanzia miaka ya 1950, hasa upande wa Tanzania, wanawake wa Kimaasai walianza kushikwa na hali waliyoiita orpeko, na jina lake jingine likawa esetan, ambalo ni shetani wetu aliyevaa shuka. Walitetemeka, walikonda, walizungumza kwa sauti ngeni, na roho wenyewe walisemekana kutoka nje, pwani na mijini. Laiboni alishindwa. Kilichoonekana kusaidia ni ubatizo na kukaa na wanawake wenzao kanisani. Watafiti Arvi Hurskainen na Dorothy Hodgson wameonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyojaza makanisa wanawake katika nchi ambayo waume zao walibaki nje.

Hapa wasomaji wawili watanivuta shati kutoka pande mbili. Wa kwanza atasema orpeko ilikuwa dalili tu ya wanawake waliopoteza nguvu zao juu ya maziwa na mifugo pale ng'ombe walipogeuzwa kuwa fedha na hati kuandikwa kwa majina ya wanaume. Wa pili atasema ilikuwa roho halisi na Kristo aliifukuza, basi. Silazimiki kumfukuza yeyote kati yao. Mwanamke aliyepona alipata sala, na pamoja na sala akapata kikundi kilichomtembelea na mahali ambapo sauti yake ilisikika. Ukimpa sala bila kikundi, au kikundi bila sala, sina hakika kama angepona.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kajiado mjini. Priscilla Nangurai, Mmaasai mwenyewe na mwalimu mkuu wa ile shule ya wasichana ya AIC, alianza kuwapokea wasichana waliotoroka tohara na ndoa za mapema, na kuwarudisha shuleni wale ambao baba zao walikuwa wamekwisha kupokea mahari. Wapo waliomwita msaliti wa mila. Ni pingamizi la kuheshimiwa, kwa kuwa wageni wengi wamewahi kuiita mila yoyote wasiyoielewa kazi ya shetani. Tofauti ni kwamba hapa aliyetaja uovu alikuwa mtu wa ndani, uovu wenyewe ulikuwa na umri na jina la mtoto, na jibu lake lilikuwa kitanda, sare na karo. Kutoka katika bidii za watu wa namna hiyo sheria zilifuata, ya watoto mwaka 2001 na ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011.

Ardhi yagawanywa, tume yamtafuta shetani: 1988 hadi 1999

Sheria ya mwaka 1968 iliyaweka malisho ya Kajiado katika ranchi za pamoja. Katika miaka ya 1980 wanachama walianza kudai kila mtu hati yake, na ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988. Miaka miwili baadaye sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa, na EPZ ya Athi River ikajengwa ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti ya leo. Mambo hayo mawili yalipokutana, mji ukazaliwa. Mwenye hati aliuza ekari kulipa karo au hospitali, mnunuzi akakata ploti, fundi akapandisha nyumba za kupanga. Waliokuja walitoka Machakos, Murang'a, Kisii, Siaya na Bungoma, kila mmoja na lugha yake na kanisa lake. Wengi hawakumjua hata jirani wa mlango wa pili.

Miaka hiyo nchi nzima ilikuwa na homa. Siasa za vyama vingi, mapigano ya kikabila, bei zilizopaa, ukimwi uliokuwa bado hautajwi matangani. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, akamweka Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri kuiongoza. Ripoti yake haikuwekwa wazi hadi 1999. Ilikubali kwamba ibada hiyo ipo, na ilijaa masimulizi ambayo hakuna mahakama ingeyapokea. Sina shaka na nia ya makasisi waliokaa humo. Ila tazama walichokuwa wakikipita njiani: nyumba zilizochomwa Enoosupukia, Narok, Oktoba 1993, na mabilioni ya kashfa ya Goldenberg yaliyochotwa benki kuu. Uovu ulikuwa na faili, akaunti na wahanga wenye majina, na serikali iliyapeleka macho ya waumini kwingine.

Kesha lenye macho lilikuwa karibu sana, Uhuru Park jijini Nairobi. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa nao, walikaa wakaanza kufunga kula wakidai wana wao. Machi 3 polisi waliwapiga, baadhi yao wakavua nguo mbele ya askari, laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kutoa. Kanisa kuu la All Saints likawafungulia chumba cha chini, nao wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakiimba, wakiomba na kusubiri, hadi wafungwa wakaachiliwa. Mama wa Kimaasai angeyaelewa yote bila mkalimani: kufunga, kuimba, kulaani, kungoja kuche.

Mji wa mabati

Kufikia sensa ya 2019 Kitengela ilikuwa na watu 154,436, na kaunti nzima ya Kajiado 1,117,840, kutoka 406,054 mwaka 1999. Makanisa yaliongezeka kwa kasi ile ile: ya mawe, ya mabati, ya hema, ya ukumbi wa kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kesha la Ijumaa likawa ratiba ya mji. Kwa mfanyakazi wa kiwandani anayeshona zamu ya mchana, usiku ndio wakati pekee alio nao, na kwa mpangaji asiye na ukoo karibu, kesha ndilo baraza lake. Humo hupatikana anayejua kazi iko wapi, na anayejua binti aliyeachwa na ujauzito anahitaji nini. Majirani hulalamika, na sheria ya kelele ya 2009 iko upande wao, kwani kiwango cha usiku ni desibeli 35, sauti ambayo spika moja huimaliza kabla ya utangulizi kwisha.

Lakini spika si tatizo kubwa. Tatizo ni kilichokuwa kikisemwa ndani yake. Maombi ya vita vya kiroho yalienea kwa lugha ya madhabahu za ukoo, laana za kurithi, roho za wivu, watu wa kijijini wanaokufunga. Aliyekosa kazi aliambiwa shangazi yake amemfunga. Aliyeugua alielekezwa kumshuku mama mkwe. Watetezi wa mafundisho haya hujibu kwa Waefeso: vita vyetu si juu ya damu na nyama. Jibu langu liko katika barua hiyo hiyo. Mwandishi wake anajitaja kuwa amefungwa. Alikuwa akiisikia minyororo kila alipogeuka, na aliposema adui wa kweli hayuko katika nyama na damu alikuwa akiwaondolea watu hatia, hata askari wake. Anayeitumia sentensi ile kumtia hatiani shangazi ameisoma kinyume.

Upande wa mji unaopakana na mbuga ya wanyama, mambo yalikwenda kwa njia ya wazi zaidi. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuingia kwenye boma la mifugo, na nchi ikabishana nani wa kulaumiwa. Kijana Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga ya Nairobi, alikuwa amekwisha kugundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Aliunganisha balbu zinazomweka kwa zamu kuzunguka boma, simba wakadhani mtu anakesha. Sijui mahubiri mangapi yamekosa kuutumia mfano huo.

Kafyu, msitu na mvua: 2020 hadi 2023

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Rais Uhuru Kenyatta aliitisha siku ya maombi ya kitaifa Machi 21, makanisa yakafungwa, na kuanzia Machi 27 kafyu ikawakataza watu kutoka usiku. Iliondolewa Oktoba 20, 2021. Kwa miezi 19 hivi kesha lilikuwa kosa la jinai. Wengine walihubiri kwamba hii ni njama ya kuzima maombi. Walio wengi walihamia kwenye simu, wakaomba saa tisa usiku kila mmoja chumbani mwake, na pesa za M-Pesa zikachangwa kwa waliofukuzwa kazi. Kukaa nyumbani kwa ajili ya uhai wa jirani kulikuwa zamu ya aina yake.

Aprili 2023 polisi waliingia msitu wa Shakahola, Kilifi, wakafukua makaburi. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Paul Mackenzie, aliyeliongoza kundi hilo, alishtakiwa kwa kuwaelekeza waumini wafunge hadi kufa ili wamlaki Yesu, naye akakana mashtaka. Shakahola ni mbali na Kajiado, ila mshtuko ulimfikia kila mchungaji, kwa sababu viungo vyote vilikuwa vya kawaida: kufunga, kujitenga na dunia, kukesha, kuogopa shule na hospitali kama mitego ya adui. Serikali ikaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupendekeza jinsi ya kuyasimamia makanisa. Wapo wanaoogopa kwamba sheria itageuzwa mjeledi wa kuwanyamazisha makasisi wakali, na historia ya miaka ya 1990 inawapa sababu ya kuogopa. Mimi ningeanza na kipimo kilicho kikongwe kuliko sheria: Nehemia aliweka walinzi kwa koo zao, waonane. Kiongozi anayewapeleka watu mahali ambapo ndugu zao hawawezi kuwaona amekwisha kulivunja kesha.

Kajiado yenyewe ilikuwa ikilia kitu kingine. Misimu ya mvua ilikosekana kwa mfuatano, na kufikia 2022 mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Februari 14, 2023, Rais William Ruto aliongoza maombi ya mvua Nakuru. Wasomi wa mijini walicheka. Kwa mtu ambaye lugha yake ina neno moja la Mungu na mvua, hakukuwa na la kuchekesha. La kuuliza lilikuwa kama baada ya amina kuna atakayechimba silanga na kuzuia malisho yasikatwe ploti. Mvua za 2024 zilipokuja zilikuwa mafuriko, kama za 1961, na zilizikuta nyumba zimejengwa mkondoni mwa maji.

Siku 32

Juni 25, 2024, vijana waliingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha. Maandamano yalifika Kitengela, na Julai 16 mtu mmoja aliripotiwa kuuawa huko kwa risasi. Makanisa yalikuwa na deni la kulipa. Kwa miaka mingi mimbari ziliuzwa kwa wanasiasa kwa bahasha, na tangu Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, Mmaasai wa Narok, alikuwa amewakataza kuzungumza katika ibada za Kianglikana. Vijana waliona hatua hiyo haitoshi, wakaandika hivyo kwenye mabango na kuyapeleka hadi milango ya makanisa.

Agosti 19 watu watatu wa Kitengela waliokuwa mstari wa mbele wa maandamano, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walitekwa na watu wasiojulikana. Polisi walikana kuwa nao. Jamaa zao hawakuambiwa adui ni roho ya ukoo; walikwenda vituo vya polisi, mochari na mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi alimwita Kaimu Inspekta Jenerali wa polisi, Gilbert Masengeli, mara kadhaa, naye hakufika, na Septemba 13 jaji akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama, hukumu iliyoondolewa baada ya yeye kufika na kuomba radhi. Watu wakahesabu siku kwa sauti, mitandaoni na barabarani: ya 20, ya 25, ya 30. Miaka 111 nyuma mahakama ya nchi hii ilikuwa imewaambia Wamaasai kwamba haina masikio ya kuwasikia. Septemba 20, siku ya 32, wale watatu waliachiliwa wakiwa hai.